Tone la Mafuta Chini ya Motokaa

Mwezi huu twapenda kunena habari ya kitu kidogo, pete ya mpira itoshayo kiganjani, ambayo ikichakaa yaweza kuiponza motokaa nzima pamoja na watu wake. Mafundi huiita sili.

Kila apitaye Endagikot, karibu na mji wa Mbulu, ajua jinsi njia zetu zilivyo. Mvua ikinyesha udongo huteleza kama sabuni, na ashukaye Bonde la Ufa kwa njia ya Magara huona mteremko mkali. Kwa hiyo watu wa Mbulu na Hanang hupenda motokaa zisukumwazo na magurudumu yote manne, kama Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948. Umbo lake la zamani lilikoma kutengenezwa mwaka 2016, walakini zilizobaki zingali zikifanya kazi: zachukua mahindi, na walimu, na wagonjwa waendao hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955.

Nyuma ya giaboksi ya motokaa hiyo pana sanduku la pili, liitwalo transfa. Kazi zake ni mbili: kugawanya nguvu ya injini iende mbele na nyuma, na kutoa mwendo wa polepole ufaao matopeni na milimani. Ndani yake mna mafuta. Pale shafti inapotokea ndipo ilipo sili, imeikumbatia kwa mdomo wake ili mafuta yasipite.

Sasa sikieni hatari yake. Katika Land Rover hizo za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu, bali hushika shafti itokayo nyuma ya transfa. Sili ikivuja, mafuta huingia katika dramu ya breki, nayo breki huteleza. Dereva huegesha kilimani, huvuta breki, hushuka; kumbe motokaa yaanza kwenda, na watoto wanacheza kule chini. Tena mafuta yakipungua mno, meno ya gia husagana makavu, na bei ya gia si sawa na bei ya sili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi, kazi yenyewe hufanywa hivi. Motokaa iwekwe mahali tambarare, na kila gurudumu litiliwe kigingi mbele na nyuma. Jambo hili lisisahauliwe, maana breki ya mkono itafunguliwa. Na hata kabla ya kufunguliwa, gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, breki hiyo haiwezi tena kuizuia motokaa. Mafuta yamwagwe katika chombo. Fundi atie alama penye maungio ya propela shafti, kisha aifungue, aondoe dramu, afungue nati kubwa na kuvuta kishikio cha shafti. Sili ya zamani itolewe taratibu, pasipo kukwaruza nyumba yake.

Hapo fundi mwenye haraka hukosea. Yampasa kupitisha ukucha juu ya kishikio kile, mahali mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua. Akiona mfereji, na kibadilishwe, kwa kuwa sili mpya nayo itavuja. Atazame pia tundu la kupumulia lililo juu ya transfa. Likizibwa na matope, hewa yenye joto hukosa njia na kuyasukuma mafuta nje. Sili mpya ipakwe mafuta mdomoni, upande wenye springi uelekee ndani, igongwe polepole pande zote hata ikae sawa. Viatu vya breki vilivyolowa mafuta vibadilishwe. Nati ikazwe kwa kadiri ya kitabu cha motokaa, na mafuta mapya yajazwe mpaka tundu la kupimia.

Ninyi msio mafundi, kazi yenu ni nyepesi: kila asubuhi kabla ya safari, inameni mtazame chini ya motokaa. Mkiona tone jipya, mwiteni fundi siku ile ile. Na hata breki ikiwa nzima, egesheni kilimani kwa kuweka jiwe upande wa chini wa gurudumu.