Zebaki Haiteketei Motoni

Katika sehemu za kuchenjulia dhahabu, kuanzia Rwamagasa mkoani Geita hadi Mwakitolyo mkoani Shinyanga, zebaki hushikwa kwa mikono mitupu. Wengi wanaoishika huamini kwamba hatari yake ni kuigusa au kuimeza kwa bahati mbaya. Imani hiyo inaeleweka, lakini inaelekeza hofu mahali pasipo pake, kwani madhara makubwa zaidi huanza pale zebaki isipoonekana tena.

Zebaki ni elementi ya 80, jirani wa dhahabu ambayo ni ya 79. Zote ni metali, ila atomu za zebaki hushikana kwa nguvu ndogo mno, ndiyo maana ni kimiminika katika joto la kawaida. Mchenjuaji anapoichanganya na mchanga uliosagwa kwenye karasha, hujiunga na chembe za dhahabu na kufanya donge la rangi ya fedha liitwalo amalgamu. Zebaki ya ziada hukamuliwa kwa kitambaa, kisha donge huchomwa juu ya mkaa.

Neno “kuchoma” ndilo linalopotosha. Zebaki haiungui, bali huchemka, tena katika nyuzi 357 za Selsiasi, ilhali dhahabu haiyeyuki kabla ya nyuzi 1,064. Dhahabu hubaki chomboni, na zebaki huondoka ikiwa mvuke bila hata atomu moja kuteketea. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Moshi unaoonekana ni wa mkaa. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi, lakini haizuii atomu.

Zebaki kimiminika ikimezwa, karibu yote hupita tumboni na kutoka na choo. Mvuke ukivutwa, takriban asilimia 80 huingia katika damu kupitia mapafu. Atomu hizo hazina chaji, kwa hiyo hupenya kwa urahisi kizuizi kinacholinda ubongo, na kwa mjamzito hupita kondo la nyuma. Zikishaingia ndani ya seli huoksidishwa na kuwa ayoni zenye chaji, ambazo hazitoki kirahisi kwa njia zilizoingilia, nazo hung’ang’ania salfa iliyomo katika protini. Figo nazo huhifadhi sehemu kubwa.

Watafiti waliowapima wakazi wa Rwamagasa, katika mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO), walikuta takriban robo ya wachomaji wa amalgamu wana dalili za sumu sugu. Uchambuzi wa nywele ulionyesha kuwa chanzo kikuu kilikuwa mvuke, si samaki. Samaki huhusika na umbo jingine, methilizebaki, inayotengenezwa na bakteria katika tope lisilo na oksijeni na kujilimbikiza zaidi katika samaki wakubwa walao wenzao. Huko Minamata, Japani, umbo hilo ndilo lililoleta maafa yaliyotambuliwa mwaka 1956. Hakuna sababu ya mama wa Geita kuacha dagaa.

Kwa mhudumu wa zahanati, tofauti hizi zina matumizi ya moja kwa moja. Mgonjwa mwenye mikono inayotetemeka, usingizi wa shida, hasira zisizo za kawaida au fizi zilizovimba aulizwe anafanya kazi gani, na dhahabu huchomewa wapi. Aliyevuta mvuke mwingi kwa mara moja huweza kuja na homa, kikohozi na kifua kubana, akadhaniwa ana nimonia. Kwa aliyevuta mvuke kwa muda mrefu, sampuli ya kupima ni mkojo; nywele hufaa zaidi kwa methilizebaki. Zipo dawa zinazoivuta zebaki itoke na mkojo, lakini hazisaidii sana mtu anayerudi jioni kwenye jiko lile lile. Maziwa, yanayosifiwa sana migodini, hayaiondoi.

Anayelazimika kuchoma atumie ritoti, yaani chungu cha chuma kilichofungwa chenye bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke hurudi kuwa kimiminika, na mwenye zebaki huokoa fedha yake. Achomee nje, mbali na watoto, kamwe si katika jiko la nyumbani. Hata zebaki iliyomwagika sakafuni hutoa mvuke pasipo moto, kwa hiyo chupa yake ifungwe vizuri na isilale chumba kimoja na watu.