Kasumbalesa: Namba Moja Inalaza Lori, Barua Moja Inalaza Siku

Lori linalopakia bandarini Dar es Salaam hutembea karibu kilomita 2,000 kabla ya kuliona lango la Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mara nyingi kinacholikwamisha hapo ni karatasi. Namba ya chesisi imeandikwa 8 mahali pa 3. Uzito wa kwenye nyaraka haulingani na wa mizani. Basi gari linalala. Dereva anatandika mkeka chini ya trela, anawasha jiko la mkaa na kuanza kuhesabu siku.

Ndiyo maana deklaran wa hapa, yaani wakala anayewashughulikia wenye mizigo kwenye forodha, atacheka ukimwambia apunguze kutafuta ukamilifu. Mji mzima, ulioko kilomita 90 hivi kusini-mashariki mwa Lubumbashi, unakula kwa karatasi zilizonyooka: shaba na kobalti zinatoka, salfa, mashine na unga vinaingia. Lakini wanasaikolojia, ambao wameichunguza tabia hii kwa zaidi ya miaka 30, wangemuuliza jambo jingine: huo ukamilifu ni wa kitu gani, na unamwogopa nani?

Mwaka 1991 Paul Hewitt na Gordon Flett, wataalamu wa Kanada, walichapisha kipimo kinachowagawa wapenda ukamilifu mafungu matatu. Yupo anayejibana mwenyewe. Yupo anayewabana wenzake. Na yupo anayeamini kwamba watu wote wanamtazama wakisubiri akosee, na akikosea hawatamsamehe. Huyu wa tatu ndiye anayeumia zaidi, na watu wa aina yake wanaongezeka. Thomas Curran na Andrew Hill walikusanya majibu ya wanafunzi wa vyuo zaidi ya 41,000 wa Marekani, Kanada na Uingereza, waliopimwa kati ya 1989 na 2016, wakakuta hisia hiyo ya kubanwa na macho ya watu imepanda kwa asilimia 33. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2017, uliojumlisha tafiti 284, ulionyesha kuwa hofu ya kukosea inaambatana na wasiwasi, sonona na matatizo ya ulaji. Si tabia ya kujisifia kwenye usaili wa kazi, ingawa wengi huitaja hapo kama “udhaifu” wao.

Tumchukue deklaran wa kubuni, saa mbili asubuhi. Mezani kuna kazi tano. Nne ni ndogo, dakika tano kila moja: kumjibu mteja kwamba kontena limevuka, kupiga fotokopi za faili, kusaini risiti, kumtumia dereva pesa ya chakula kwa simu. Ya tano ni barua kwa mkubwa wake Lubumbashi, kueleza kwa nini mzigo umechelewa. Inahitaji saa nzima.

Anaanza na barua. Anaandika “Mheshimiwa”, anafuta, anaandika “Bwana Mkurugenzi”, anaona imekuwa kavu, anafuta tena. Anatafuta neno lisilomfanya aonekane mzembe. Simu inalia, dereva. “Papa, hata ya bukari sina,” yaani hata ya ugali hana. Anamjibu asubiri kidogo. Saa sita inamkuta kwenye sentensi ya tatu, fotokopi hazijapigwa, na risiti bado iko pale pale chini ya kikombe cha chai.

Ukipita nje ya dirisha utasema huyu mvivu. Sivyo. Fuschia Sirois na wenzake, kwa kulinganisha tafiti nyingi mwaka 2017, walikuta kwamba watu wenye viwango vya juu wasiokuwa na hofu huahirisha kazi kidogo kuliko wengine; wanaoahirisha sana ni wale wanaohofia kosa. Kuahirisha kunawapa nafuu ya muda, kama kumeza kidonge cha maumivu ukaacha jino lililooza kinywani. Tena hofu yenyewe haina mwisho, kwa sababu mambo mengi hayamo mikononi mwa mwandishi wa karatasi. Agosti 2024, Zambia ilipoufunga mpaka huu kwa siku chache kwa sababu ya mvutano wa kibiashara, nyaraka safi na nyaraka chafu zilikaa foleni moja.

Hesabu ya asubuhi ile imekwisha kufanywa, na wala haikufanywa na wanasaikolojia. Mwaka 1956 W. E. Smith alithibitisha, akizungumzia kazi za kiwandani, kwamba ukitanguliza kazi fupi, wastani wa muda wa kusubiri unakuwa mdogo kuliko kwa mpangilio wowote mwingine. Chukua kalamu. Barua ikitangulia, kazi tano zinakamilika kwenye dakika ya 60, 65, 70, 75 na 80: wastani 70. Zikitangulia ndogo, ni dakika ya 5, 10, 15, 20 na 80: wastani 26. Jumla ya jasho ni ile ile. Mkubwa wa Lubumbashi amesubiri dakika 20 zaidi, watu wanne wamepona saa nzima kila mmoja.

Kuna mtego, hata hivyo. Kazi ndogo ni tamu, na mtu anaweza kuzilamba kutwa huku barua ikikauka. David Rosenbaum, katika majaribio yaliyochapishwa 2014, aliwaambia wanafunzi wachague ndoo moja kati ya mbili na kuifikisha mwisho wa njia. Wengi walichukua iliyo karibu nao, ingawa ndiyo waliyopaswa kuibeba umbali mrefu zaidi, ili mradi waiondoe akilini mapema. Kwa hiyo ndogo zipewe zamu yake asubuhi, zote kwa mkupuo, kisha mlango ufungwe.

Na ukamilifu uende wapi? Ifakara, Tanzania, kuna jibu zuri. Hospitali ya huko ilikuwa miongoni mwa nane duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kukagua upasuaji: mambo 19 tu, yanayosomwa kwa sauti. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Pamba zote zimehesabiwa? Matokeo, yaliyotolewa Januari 2009, yalionyesha vifo katika hospitali hizo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakuna aliyemtaka daktari awe mkamilifu katika kila alichogusa. Walichagua sehemu chache ambazo kosa linaua, wakazikaba.

Deklaran wetu anazo sehemu zake: chesisi, uzito, namba ya sili, jina la mpokeaji. Hizo azisome kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, mwenzake akifuatisha kwa kidole. Barua anaweza kuitendea kama wanavyofundishwa wagonjwa wa hofu hii katika tiba ya saikolojia: aandike, aisome mara moja, aitume, kisha aangalie kama lile baya alilolitabiri linatokea.

Kwa mpangilio huu, saa sita lori huenda bado halijasogea; foleni ya Kasumbalesa haimtii mtu. Ila pesa ya bukari itakuwa imemfikia dereva tangu saa mbili na dakika tano.