Mboga za Majani Pembezoni mwa Dar es Salaam: Soko la Uhakika, Ardhi ya Mashaka

Makadirio ya miaka ya 1990 yalionyesha kuwa takriban asilimia 90 ya mboga za majani zilizouzwa Dar es Salaam zililimwa jijini humo humo, na ingawa jiji limetanuka hadi kufikia watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, matuta ya mchicha, matembele na chainizi bado yanaonekana katika mabonde na viwanja visivyojengwa kuanzia Bunju, Kinondoni, hadi Mbagala, Temeke. Maeneo ya mbali kama Lushoto huweza kulisha jiji kabichi na karoti, mazao yanayostahimili safari, lakini mchicha uliochumwa alfajiri huwa umenyauka jioni, na hapo ndipo mkulima wa jirani anapopata faida asiyoweza kunyang'anywa.

Kipimo cha biashara hii ni tuta. Mchuuzi, ambaye mara nyingi ni mwanamke, hununua tuta zima likiwa bado shambani, akavuna mwenyewe na kuuza kwa mafungu mitaani na sokoni, hivyo mkulima huepuka gharama ya usafiri na hasara ya mboga kunyauka, ingawa faida ya rejareja humpita.

Rutuba nayo hutoka karibu, kwa kuwa samadi ya kuku hununuliwa katika mabanda ya mtaani, na huko Mabwepande Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilianzisha kiwanda cha mboji, yaani mbolea itokanayo na mabaki yaliyooza, ambacho hutumia taka za masokoni. Huu ni uwekezaji unaostahili kuigwa na manispaa nyingine. Hata hivyo, samadi pekee haifanyi kilimo kuwa endelevu pale maji ya kumwagilia yanapokuwa machafu, kwani katika bonde la Mto Msimbazi tafiti zimekuta metali nzito, kama vile risasi, ndani ya mboga zenyewe.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye ardhi. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 ziliruhusu kila mtu kulima hadi ekari 3, lakini ruhusa ya kulima si haki ya kumiliki ardhi, na wengi hulima viwanja vya watu wengine kwa makubaliano ya mdomo. Ndiyo maana mchicha, unaokomaa kwa wiki tatu au nne, hupendelewa kuliko miti ya matunda, na ndiyo maana ni wachache wanaothubutu kuchimba kisima cha kudumu mahali ambapo mwenye kiwanja anaweza kuanza ujenzi wakati wowote.