Nani atalipia pikipiki za umeme Hanoi?

Vietnam ina watu wapatao milioni 100 na pikipiki zilizosajiliwa zaidi ya milioni 70, nyingi zikiwa Honda. Kampuni hiyo iliwahi kutikiswa na pikipiki za bei poa kutoka China, ikajibu mwaka 2002 kwa kuingiza sokoni Wave Alpha, na hadi leo haijashikika.

Lakini fedha inayolisha familia nyingi za Hanoi huzunguka kando ya barabara. Katika soko la Cho Troi, jirani na mtaa wa Pho Hue, spea zimerundikwa hadi mlangoni: cheni, plagi, kabureta, vioo vya mtumba. Fundi wa pembeni hahitaji pango. Pampu, spana na beseni la maji la kutafutia pancha vinamtosha kufungua kazi. Mlinzi wa maegesho huandika namba kwa chaki kwenye kiti cha pikipiki, naye anapata chake. Dereva wa xe ôm, bodaboda wa kule, zamani alipatana nauli na abiria wake pale kijiweni. Tangu GrabBike, huduma ya kuita pikipiki kwa simu, iingie Vietnam mwaka 2014, nauli hupangwa na simu, na kampuni hukata chake kwanza.

Julai 2025 Waziri Mkuu Pham Minh Chinh aliagiza Hanoi iondoe pikipiki za mafuta ndani ya Barabara ya Mzunguko ya Kwanza kuanzia Julai 1, 2026. Nia ni njema, kwani hewa ya jiji hilo huchafuka vibaya mno majira ya baridi, na watoto ndio wanaoumia. Watengenezaji wa pikipiki za umeme kama VinFast wamefunguliwa soko. Fundi je? Mota ya umeme haina plagi wala kabureta, na haibadilishwi oili. Kazi ya fundi ya kila siku inaondoka, na si haki kumwachia gharama ya kujifunza upya peke yake.

Kuna pia suala la kuchaji. Septemba 2023 moto ulioanzia kwenye maegesho ya pikipiki chini ya jengo la makazi Hanoi uliua watu 56. Tangu hapo wenye majengo wamekuwa waoga na betri, na wengine wamekataza kuchaji ndani. Dereva aliyepanga chumba ghorofa ya sita anahitaji kituo cha kubadilishia betri karibu na kwake, na mkopo wa riba nafuu, kabla pikipiki yake ya zamani haijazuiwa kuingia mjini.