Maziwa ya nyati yalivyowainua wafugaji India

WAKULIMA wadogo wenye nyati wawili au watatu ndio walioijenga sekta ya maziwa ya India.

Nyati hao si wa mbugani, bali ni jamii inayofugwa nyumbani. Maziwa yao yana mafuta takriban asilimia 7, ya ng'ombe yakiwa na karibu asilimia 4, hivyo hutoa samli na siagi nyingi.

Hata hivyo, wafugaji wa wilaya ya Kaira, sasa katika jimbo la Gujarat, walikuwa wakilaliwa na wafanyabiashara wa kati. Mwaka 1946 waligoma kuuza maziwa, wakaunda ushirika mjini Anand chini ya Tribhuvandas Patel.

Msimu wa baridi maziwa yalizidi, soko likakosekana. Wataalamu wa Ulaya walidai maziwa ya nyati hayawezi kufanywa unga. Mtaalamu wa ushirika, H.M. Dalaya, alionyesha kwamba inawezekana, na mwaka 1955 kiwanda chao, chini ya meneja Verghese Kurien, kikaanza kazi hiyo.

Kijijini maziwa hupokewa asubuhi na jioni, hupimwa mafuta, na malipo hufuata kipimo. Anayetia maji hujipunja mwenyewe.

Mfumo huo ulienezwa nchini kati ya 1970 na 1996. Tangu 1998 India inaongoza duniani kwa maziwa, karibu nusu yakiwa ya nyati.

Kwa mfugaji yeyote, funzo ni moja: mwenye kipimo na kiwanda ndiye mwenye bei.