Bei Nafuu Ni Ipi? Hesabu ya Kilo, Lita na Deni Kabla ya Kulipa

Katika maduka mengi ya mitaani, kutoka Mtwapa hadi Gongoni na kutoka Mariakani hadi Ganze, mafuta ya kupikia huuzwa kwa kipimo kidogo, sukari kwa robo na sabuni kwa kipande. Mnunuzi huja na pesa alizonazo siku hiyo na kuondoka na kiasi cha kumtosha siku hiyo. Biashara hii, ambayo wengi huiita kadogo, imewasitiri maelfu ya wanaolipwa kibarua kwa siku, wavuvi wanaotegemea bahari iliamkaje, na wafanyabiashara wadogo ambao hawajui kesho wataingiza ngapi.

Hata hivyo, kadogo ina gharama yake, na gharama hiyo haionekani kwa kutazama bei peke yake. Mara nyingi mwenye kipato kidogo ndiye hulipa zaidi kwa kila kilo na kila lita. Makala haya yanaeleza namna ya kuitambua gharama hiyo, wakati gani inafaa kuikubali, na mkazi afanye nini anapogundua kwamba kipimo alichouziwa kimepungua.

Bei zote zilizotumika hapa ni za mfano. Bei halisi hubadilika kutoka soko hadi soko na kutoka msimu hadi msimu, lakini namna ya kupiga hesabu haibadiliki.

Ulinganishe kwa kipimo kimoja

Tuseme dukani mililita 100 za mafuta ya kupima ni shilingi 35, na chupa ya lita moja ni shilingi 300. Ukitazama pesa unazotoa, 35 ni kidogo kuliko 300. Lakini lita moja ina vipimo kumi vya mililita 100. Anayenunua kidogo kidogo hulipa shilingi 350 kwa lita ile ile. Familia inayotumia mililita 100 kwa siku hutumia karibu lita tatu kwa mwezi. Tofauti ni shilingi 150 kila mwezi, au shilingi 1,800 kwa mwaka, kwa mafuta peke yake.

Kanuni ni rahisi: gawanya bei kwa uzito au ujazo, kisha linganisha vitu kwa kipimo kimoja. Kwa vitu vya kupima kwa mizani, tafuta bei ya kilo moja. Kwa vitu vidogo kama sabuni na majani ya chai, tafuta bei ya gramu 100. Simu yoyote ina kikokotoo, hata ile ya vitufe.

Hesabu hii pia humlinda mnunuzi dhidi ya dhana kwamba kikubwa ni nafuu siku zote. Ikiwa pakiti ya sukari ya kilo moja ni shilingi 165 na ya kilo mbili ni shilingi 340, pakiti mbili ndogo zitagharimu 330. Hapo kubwa ni ghali kwa shilingi kumi. Vilevile, kampuni zinaweza kupunguza uzito ndani ya pakiti huku bei na sura ya pakiti vikibaki vile vile. Kipande cha sabuni cha gramu 175 kinachouzwa shilingi 105 ni shilingi 60 kwa kila gramu 100. Cha gramu 250 kinachouzwa shilingi 140 ni shilingi 56. Bila kusoma uzito ulioandikwa kwenye karatasi, mnunuzi atachukua cha shilingi 105 akidhani ameokoa.

Gorogoro, mkebe na mizani

Mahindi, maharagwe, kunde na pojo bado huuzwa kwa gorogoro katika masoko mengi. Gorogoro ya mahindi makavu huchukuliwa kuwa kilo mbili hivi. Neno la kuzingatia hapa ni "hivi". Mkebe uliobonyezwa kitako au ubavu hupunguza nafaka bila mnunuzi kugundua. Mkebe uliojazwa ukasawazishwa kwa kiganja si sawa na uliofurika. Hata nafaka zenyewe hutofautiana uzito, kwa hiyo gorogoro ya mahindi na ya maharagwe hazilingani kwenye mizani.

Chukua mfano huu. Muuzaji wa kwanza anauza gorogoro kwa shilingi 130. Wa pili anapima kwa mizani, kilo moja shilingi 68, yaani kilo mbili ni 136. Wa kwanza anaonekana nafuu kwa shilingi sita. Lakini gorogoro yake ikipimwa na kupatikana ina kilo 1.8, bei yake ni zaidi ya shilingi 72 kwa kilo. Nafuu ilikuwa kwenye mizani.

Njia ya kujua ni kwenda na mzigo kwenye duka lenye mizani iliyokaguliwa na kuomba upimiwe. Ukishajua gorogoro ya muuzaji wako ina uzito gani, huhitaji kupima kila siku.

Mizani inayotumika kibiashara inapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri kila mwaka chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya. Mnunuzi ana kila sababu ya kuutafuta muhuri huo. Kabla bidhaa haijawekwa, mshale au tarakimu za mizani ziwe kwenye sufuri. Ikiwa kuna sahani au beseni juu yake, uzito wa chombo hicho uondolewe kwanza.

Muhuri unamfaa mfanyabiashara pia. Mama mboga anayenunua gunia kwa dalali bila kupima anaweza kupunjwa kabla hajauza hata kiazi kimoja. Kwa viazi, kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko ili kukomesha magunia ya kurefushwa kwa nyavu. Anayelipa bei ya mfuko bila kujua kilo zilizomo hawezi kujua faida yake.

Gesi nayo hupimwa

Mitungi ya gesi inayotumika zaidi nyumbani ni ya kilo 6 na kilo 13. Hizo ni kilo za gesi, bila mtungi wenyewe. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye chuma, aghalabu karibu na mkono wa kubebea au shingoni. Mtungi mtupu ukiwa kilo 7.5 na gesi kilo 6, jumla iwe kilo 13.5. Mizani ikisoma 12.9, gesi iliyomo ni kilo 5.4. Mnunuzi aliyelipa shilingi 1,200 atakuwa amepoteza shilingi 120 kabla ya kuwasha jiko.

Omba mtungi upimwe mbele yako dukani, na uhakikishe lakiri ya plastiki haijaguswa. Mtungi ambao umejazwa kiholela vichochoroni si hasara ya pesa tu. Ni hatari ya moto kwa nyumba nzima na kwa majirani.

Kidogo kinapokuwa ndiyo busara

Si kila kitu kinunuliwe kwa wingi. Maziwa, nyanya na samaki wabichi katika nyumba isiyo na friji ni bora vinunuliwe vya kutosha siku hiyo. Nyanya tatu zilizooza hufuta faida ya kununua ndoo nzima. Pia kuna vitu ambavyo vikiwa vingi nyumbani hutumika ovyo. Sukari iliyojaa mkebe huongezwa kijiko, na sabuni nyingi huachwa majini. Ikiwa lita ya mafuta inaisha kwa siku saba badala ya kumi, hesabu ya kuokoa imeanguka.

Mahindi yanahitaji uangalifu wa pekee. Wengi hununua gunia la kilo 90 baada ya mavuno, bei ikiwa chini, na huo ni mpango mzuri. Lakini mahindi ya kuhifadhi yawe yamekauka hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5. Hewa ya pwani ina unyevunyevu, na gunia lililowekwa sakafuni au kuegemezwa ukutani hunyonya maji. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, au utumie mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Mahindi yaliyobadilika rangi au kunuka ukungu yasiliwe, wala yasipewe kuku na mifugo. Hakuna bei nafuu inayolipia hatari hiyo.

Pesa za kuanzia zitoke wapi?

Aliye na shilingi 35 mfukoni anajua vizuri kwamba chupa ya lita ni nafuu. Kinachomzuia ni ile 300 ya kulipa mara moja. Kumwambia anunue jumla bila kueleza pesa zitoke wapi ni kumpa ushauri nusu.

Njia ya kwanza ni kuanza na kitu kimoja. Chagua bidhaa inayotumika kila siku na isiyoharibika, kwa mfano mafuta, chumvi au sabuni. Weka kando shilingi kumi au ishirini kwa siku hadi bei ya pakiti kubwa itimie. Baada ya hapo, pesa zilizokuwa zikienda kwenye kadogo ziendelee kuwekwa kando, ili chupa ya kwanza ikiisha bei ya pili iwe tayari. Kile kinachookolewa ndicho kitaanzisha bidhaa inayofuata. Haba na haba hujaza kibaba.

Njia ya pili ni kununua pamoja. Majirani watano au chama kidogo wanaweza kuchangia gunia la sukari la kilo 50 au mtungi wa mafuta wa lita 20, kisha wakagawana kwa kipimo. Mambo matatu huepusha ugomvi: pesa zichangwe kabla ya kununua, risiti ionyeshwe kwa wote, na mgao upimwe kwa mizani au chupa yenye alama mbele ya wenyewe. Nauli ya kubeba mzigo iingizwe kwenye hesabu. Ikiwa boda au tuktuk itakula faida yote, duka la mtaani linabaki kuwa bora.

Njia isiyofaa ni kukopa ili kununua kwa wingi. Tuseme mkopo wa simu wa shilingi 1,000 una ada ya asilimia 9 kwa siku 30. Ada ni shilingi 90, ambazo zinaonekana ndogo. Lakini anayeulipa na kuuchukua tena kila mwezi atakuwa ametoa ada ya shilingi 1,080 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mkopo wenyewe, na bado mwishoni hana shilingi 1,000 zake mwenyewe. Deni nalo lina kipimo: uliza ada ni ngapi, ni ya siku ngapi, na ukichelewa huongezeka vipi. Ukitumia deni la duka, weka daftari lako na ulilinganishe na la mwenye duka kila wiki.

Anayelazimika kukopa kwa simu ahakikishe kwanza kwamba mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu ya Kenya, ambayo huchapisha orodha ya walioidhinishwa. Kanuni za mwaka 2022 zinakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho au matusi, na kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Kila Mkenya pia ana haki ya kupata bure, mara moja kwa mwaka, ripoti ya rekodi yake kutoka kwa shirika la kumbukumbu za mikopo.

Ukipunjwa, fanya hivi

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa hizo, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linaweka masoko, leseni za biashara na haki katika biashara miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti.

Kwa hiyo, mkazi anaposhuku kipimo:

1. Aombe bidhaa ipimwe tena hapo hapo, kwa heshima. Mara nyingi tatizo ni mizani iliyolegea, na muuzaji mwenyewe hakuwa na habari.

2. Ahifadhi risiti au ujumbe wa malipo ya simu, na asifungue pakiti wala kuunganisha mtungi.

3. Aandike jina la duka au nambari ya kibanda, tarehe, bidhaa na uzito uliopatikana.

4. Apeleke malalamishi kwa maafisa wa vipimo na mizani katika idara ya biashara ya kaunti, au kwa msimamizi wa wadi ayafikishe huko.

Wafanyabiashara nao wanahimizwa kuwasilisha mizani zao kila zoezi la ukaguzi linapotangazwa katika soko lao, bila kungoja malalamishi. Mteja aliyepimiwa sawasawa leo atarudi kesho na jirani yake.

Kabla ya safari ijayo ya dukani, kila nyumba ichague bidhaa moja tu inayonunuliwa kila siku, ipige hesabu ya inachogharimu kwa kilo au kwa lita, kisha iulize bei katika maduka mawili zaidi. Hesabu hiyo inachukua dakika tano, na huenda ndani yake mkapatikana karo ya daftari, nauli ya kliniki, au chupa ya kwanza ya mafuta ya lita moja.