Nyambizi ya watoto: irudi juu yenyewe



Likizo hii kubwa, parsela moja ya Ibanda, hapa kwetu Bukavu, imegeuka karakana. Watoto wa mwenzetu mmoja, kaka na dada yake, wanatengeneza nyambizi, yaani mashua inayopita chini ya maji, nao wanaiongoza kwa telekomande. Tulienda kuiona, maana wengi wetu tulikuwa tumesikia habari ya ile ya kwanza.

Ile ya kwanza ilikuwa nzito kuliko maji. Ilizama, watoto wakapiga makofi, lakini haikurudi. Kijana akaruka ziwani kuifuata. Kivu ina kina kirefu karibu na ukingo. Mvuvi mmoja ndiye aliyemtoa. Mama alitaka kutupa vyombo vyote. Baadaye akawaambia: tengenezeni tena, lakini kiwe kitu kisichohitaji mtu wa kukifuata.

Wakaanza upya. Mwili ni tiyo ya PVC yenye upana wa sentimita 7.5 na urefu wa sentimita 40. Ikizama yote, inachukua nafasi ya maji karibu lita 1 na robo tatu. Basi uzito wake ukipita kilo 1 na robo tatu, itakwenda chini na kubaki huko. Waliipima kwa mizani, wakapanga misumari ndani, upande wa chini, mpaka ukaonekana mgongo tu juu ya maji. Hapo wakaacha.

Sasa inazamaje? Kwa mwendo. Ina mabawa mawili madogo yaliyoinamia mbele. Moteri ikisukuma, maji yanayapiga mabawa na kuisukuma nyambizi chini. Moteri ikisimama, inapanda yenyewe.

Jambo hilo ni la lazima, kwa sababu maji yanameza mawimbi ya redio. Telekomande waliitoa kwenye gari la kuchezea lililokufa, la zamani, la megahezi 27; mawimbi yake yanaweza kuingia majini kiasi. Zile mpya za gigahezi 2.4 zinakatika baada ya sentimita chache. Mawimbi yakipotea, moteri inasimama, na nyambizi inarudi.

Ili maji yasipenye, mfuniko una mpira, na chuma kinachozungusha propela kinapita ndani ya kijitiyo kilichojaa grisi. Kabla ya kutia bateri, waliizamisha pipani usiku mzima, karatasi ikiwa ndani. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu.

Mzazi ambaye watoto wake wanataka kujaribu, ashike haya: pipa kwanza, ziwa baadaye, uzi wa kuvulia ufungwe nyuma, mtu mzima awepo, na hakuna anayeingia majini, hata kikipotea.

Jumamosi jioni tulisimama nao ukingoni. Nyambizi ikazama. Sisi tukahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Mama yao hakuhesabu. Alikuwa ameshika shati la kijana wake. Tulipofika saba, mgongo ukatokea.